Sheria ya Kinu cha Sombe

Ukifika Kindu ukamuulizia Mama Kabedi, nawe utaulizwa: Kabedi yupi? Watu wa Kasai waliletwa mji huu na reli, na reli haikuleta Kabedi mmoja. Sema ni yule wa mtaa wa Mikelenge, mwenye mikono minene na sauti ya kurudisha treni iliyokwisha kuondoka, mke wa Kayembe wa reli. Hapo hata aliyekuwa amesinzia atakunyoshea kidole. Wanamjua kwa sombe yake, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Kwamba mwanamke huyu aliwahi kutunga sheria ya silaha iliyotiiwa kuliko zote zilizotungwa na wakubwa wa Kinshasa, hilo hawalijui, na yeye alikuwa amekusudia kufa nalo.

Sheria za wakubwa zipo, tusiwasingizie. Raia hashiki bunduki bila kibali. Imeandikwa, ina mihuri, na mwaka mmoja walikuja mabwana na mabibi wenye vitambulisho vya kuning'inia shingoni wakafanya semina ya kutwa nzima juu ya silaha ndogo ndogo. Mama Kabedi ndiye aliyewapikia. Alisikia Kifaransa kirefu kikipita dirishani, akasikia makofi, akakusanya sahani. Muda wote huo askari mlinzi wa semina alikuwa amelala nyuma ya ukumbi, bunduki yake ameiegemeza kwenye sufuria ya wali. Mama Kabedi alimwamsha kwa matusi aje aiondoe mwenyewe, kwa kuwa yeye bunduki haigusi hata kwa ncha ya kandambili.

Hakuzaliwa hivyo. Jambo hilo lilianza wakati wa vita.

Vita ilipokata reli, Kayembe alikuwa safarini. Alikuwa mkuu wa treni, mtu wa kofia, filimbi na bendera mbili, na treni yake ilifika Kongolo ikakataa kwenda mbele, ikakataa na kurudi. Kindu ikabaki huku na Kayembe akabaki kule, miaka. Mama Kabedi, akiwa na mtoto wake Exaucée mgongoni, hakukaa kulia. Alifungua malewa, kibanda cha kuuza chakula, kando ya gare, stesheni ya reli, ubavuni mwa behewa kuukuu la mizigo lililoota majani mpaka mlangoni. Alipika wali na sombe, na samaki akipatikana. Ng'ambo ya njia kulikuwa na kibanda cha Bibiche, mwanamke wa Kailo, mdogo wa umbo na mkubwa wa kicheko. Wawili hawa waliazimana chumvi, waliibiana wateja, walinuniana asubuhi na kusukana nywele jioni. Huo ndio urafiki, na asiyeujua namna hiyo basi ana majirani tu.

Halafu askari wa kigeni walioushika mji wakaondoka, na mji ukajaa bunduki za kila ukoo. Kulikuwa na waasi, kulikuwa na wapiganaji wa msituni, kulikuwa na wa serikali waliokuja baadaye, na kulikuwa na wengine ambao wao wenyewe hawakuwa na hakika wiki ile ni wa nani. Wote walikuwa na njaa, na vibanda vilikuwa vichache. Kwa hiyo watu waliotafutana usiku wauane, mchana walibanana kwenye benchi moja wakigombea kijiko.

Siku moja kwa Bibiche wawili waligombea kichwa cha samaki. Sifanyi mzaha. Kilikuwa kimebaki kimoja kwenye sufuria. Mmoja alisema amekiona yeye kwanza, mwenzake akasema amekwisha kukitia kidole, na yule wa kwanza alikuwa amelewa na bunduki ilikuwa mapajani pake. Alipoifungua hakujua tena kuifunga. Ilizunguka kibanda kizima. Alikufa aliyetia kidole, walikufa waliokuwa wakila kimya, alikufa mama mmoja aliyeingia kuomba kaa la moto, na Bibiche alikufa upawa mkononi. Mama Kabedi ndiye aliyeuchomoa ule upawa katika vidole vyake. Aliuosha, na anaupikia mpaka leo, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuuazima.

Kesho yake alitwanga sombe, kwa kuwa majani yalikwisha kuchumwa na mikono yake ilikuwa haijui pengine pa kwenda. Alitwanga na kulia, alilia na kutwanga, pale pale penye mlango wa kibanda. Ndipo alipotokea Bulaimu.

Bulaimu alikuwa kijana mrefu kutoka pande za Obokote, mpiganaji wa msituni, shingoni chupa ndogo ya maji ya dawa, begani bunduki. Watu hawa wa msituni walilindwa na dawa yao, na dawa ililindwa na masharti, na masharti yalikuwa mengi kuliko nguo zao. Hawashikani mikono na mtu. Hawapigwi na maji yanayochirizika kutoka kwenye paa. Hawapokei sahani iliyoruka miguu ya mtu. Mama Kabedi, mgeni wa mambo hayo, alikuwa amekwisha kuwavurugia dawa mara kadhaa kwa kuwasalimu tu kwa adabu, na kila mara kijana mzima alipiga ukelele na kukimbilia mtoni kwenda kutengenezwa upya.

Bulaimu akainama aingie. Mama Kabedi aliona ule mdomo wa bunduki ukitangulia, na koo lake likapiga ukelele kabla kichwa hakijajua litasema nini.

"Simama! Usiingie na ile kitu!"

"Juu ya nini, Mama?"

Juu ya nini. Angejibu kwamba anaogopa, angechekwa. Angejibu kwamba rafiki yake amezikwa asubuhi ile, angepewa pole na bunduki ingeingia. Aliangalia mchi mkononi mwake, akaangalia kinu, akafungua kinywa.

"Bunduki ikipita mbele ya kinu ya sombe, inakufa. Haitapiga tena. Hujui?"

Bulaimu alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Nani alisema?"

"Heh! Wakubwa yako hawakukuambia?" Mama Kabedi alishika kiuno. Mwenyewe alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia. "Basi walikuficha. Pengine wanaona ungali mutoto."

Hilo ndilo lililomaliza kazi. Kijana angeweza kubishana na mwanamke, na angeweza kubishana na kinu. Lakini kukiri mbele ya mpika sombe kwamba kuna sharti wenzake wanalijua naye halijui, hapana. Alirudisha mguu nje polepole.

"Minajua," alisema. "Nilikuwa nakupima tu."

Akaenda kuilaza bunduki ndani ya lile behewa kuukuu, akarudi mikono mitupu, akala sahani mbili.

Siku iliyofuata alileta wenzake. Kabla Mama Kabedi hajafumbua mdomo, Bulaimu alikuwa amesimama mlangoni akiwafokea kwamba wao ni watu gani wasiojua sharti la kinu, na kila mmoja akaapa kwamba analijua tangu utotoni. Wiki haikwisha, behewa likawa ghala. Wa msituni waliweka, waasi wakaona wenzao wanaweka wakaweka, maana nani anataka kuwa mtu wa kwanza kujua kama ni uongo? Kapiteni mmoja wa jeshi, msomi, alicheka sana. Alipita na yake mbele ya kinu, akala, akatoka akicheka. Baada ya siku chache walipiga risasi za heshima kwenye mazishi ya mkubwa wao, na bunduki ya kapiteni peke yake ikakataa. Ilikuwa imejaa kutu tangu alipoipokea, hakuwahi kuipaka hata mafuta ya mawese, lakini kutu haikutajwa na mtu. Kapiteni alirudi kwa Mama Kabedi na bata hai, kuomba msamaha kwa kinu.

Kutunga sheria ni rahisi. Taabu ni kuhukumu kwayo. Kila mchana walikuja na maswali, na Mama Kabedi alihukumu huku akipakua.

"Mama, na grenade?"

"Grenade ni mutoto ya bunduki. Inabaki inje."

"Na kisu?"

"Kisu inakata nyama. Ipite."

"Bunduki haina risasi?"

"Maiti haina roho, weye utaiweka mezani?"

"Na kama kinu umekiondoa?"

Wali ulikuwa unaungua siku hiyo, na muulizaji alikuwa wa aina ile isiyoridhika. "Mahali kinu kilisimama," alijibu bila kugeuka, "udongo unakumbuka." Watu waliitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mama Kabedi mwenyewe alilipenda neno hilo, akaliacha.

"Na iko dawa ya kuitengeneza bunduki ikishakufa?"

"Hakuna."

Tangu siku ile mpaka vita ilipotulia, kwenye kibanda kile watu walitukanana, walirushiana mifupa, mmoja alimng'ata mwenzake sikio. Hakuna aliyepigwa risasi. Kisha treni ya kwanza ikarudi, mji mzima ukajazana gare, na Kayembe akashuka na filimbi yake, amekonda, kofia imekuwa kubwa. Mama Kabedi alimlilia hadharani mpaka watu wakaona haya. Habari za sheria hakumwambia. Kayembe alikuwa mtu wa parokia, mwenye kuongoza sala, na angeuliza Mkristo aliyebatizwa ametafuta nini katika mambo ya dawa na masharti. Alipoulizwa waliishije, alisema, "Tuliishi." Akafunga malewa, akahamishia kinu nyumbani Mikelenge, kikasimama jikoni, hatua moja ndani ya mlango, na tangu hapo akawa mpishi wa harusi, matanga na semina.

Sasa njoo juzi juzi, vita ilipowaka tena huko mashariki, redio ikawa kila asubuhi inataja mji ulioanguka. Wazalendo wakaanza kukusanywa, raia wa kujitolea, na ile sheria yenye mihuri ikapewa likizo. Kayembe alikuwa amestaafu. Ana kiuno kinacholalamika kabla yake na jicho moja lenye ukungu. Angekaa zake. Lakini wastaafu wenzake wa reli, wanaokutana kila asubuhi gare kungoja treni isiyokuja, walikuwa na mchezo wao.

"Waulizeni waliokuwa hapa," walisema kila vita ilipotajwa. "Baba Kayembe msimuulize. Vita ya kwanza alikuwa Kongolo anakula kuku."

Miaka ishirini ya kuku wa Kongolo. Mtu huchoka. Siku moja Kayembe alitoka nyumbani akisema anakwenda gare, akakaa siku nyingi bila kuonekana, na aliyeleta habari ni jirani yao Hadidja, ambaye habari mbaya huzileta akikimbia.

"Mama Exaucée! Bwana yako nimemuona. Wamemupa bunduki!"

Mama Kabedi alikaa chini. Aliona kibanda cha Bibiche, chote, hata lile kaa la moto lililoanguka. Hofu yake haikuwa kwamba Kayembe atamuua mtu. Kayembe alikuwa hawezi kuchinja bata. Alijua tu kwamba bunduki huita bunduki, na kwamba mzee mwenye jicho la ukungu hupigwa kabla hajajua nani yupo mbele. Akaapa kwamba kitu kile hakitalala nyumbani mwake. Alipanga maneno yake, akayapanga tena, akayasema kwa sauti mbele ya sufuria. Jioni Kayembe akatokea njiani, kofia ya reli kichwani, na bunduki imefungwa kamba ya katani badala ya mkanda.

Mama Kabedi alisimama mlangoni akapanua mikono. Kayembe akasimama mbali, uani.

"Siingie," alisema Kayembe.

Maneno yote yaliyopangwa yakapotea. "Huingii?"

"Iko kinu ya sombe mu nyumba." Alisema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto. "Weye huwezi kujua, Mama Exaucée. Ile njo sheria ya kwanza walitufundisha. Bunduki ikipita mbele ya kinu, inakufa. Ni sharti ya mababu. Inatoka mbele ya Wabeleji."

Mama Kabedi alishika mwimo wa mlango. Aliona cheko linampanda, akalimeza, likapanda tena kupitia puani. Mababu! Kabla ya Wabelgiji! Alimshukuru Mungu, akamshukuru Bulaimu popote alipo, akaingia ndani kupakua, akijua kwamba mwanamume akinyimwa mlango kwa ajili ya kipande cha chuma atakiacha chuma hicho baada ya dakika chache.

Hakukiacha. Wazalendo walikuwa wameambiwa kwamba anayepoteza bunduki ataitafuta kwa mgongo wake, na Kayembe ni mtu aliyelinda bendera mbili za reli miaka yote aliyokuwa Kongolo bila kupoteza hata moja. Bunduki haiwezi kuingia, na yeye hawezi kuiacha nje. Kwa hiyo alivuta kiti akakaa uani chini ya ukingo wa paa, bunduki mapajani, akanyosha mkono kupokea sahani. Alilala pale pale. Kesho yake akalala tena pale.

Sheria ile ilikuwa imemfuata mtungaji wake mpaka nyumbani. Majirani walikuja kumtazama Kayembe. Hadidja alileta hata wageni wake.

Mama Kabedi alijaribu. Alikibingirisha kinu mpaka kwa Hadidja, akarudi akijipangusa mikono. "Haya. Kinu hakuna. Ingia ulale na bunduki yako."

Alilisema hilo, yeye aliyekuwa ameapa. Mvua zilikuwa zimeanza na Kayembe alikuwa anakohoa.

Kayembe alitikisa kichwa kwa huzuni. "Mahali kinu kilisimama, udongo unakumbuka."

"Nani alisema upuuzi hiyo?"

"Mababu."

Alikwenda kukichukua kinu chake. Njiani alijitukana kwa Kiluba, lugha aliyoiwekea mambo makubwa.

Mvua ikanyesha sana. Kayembe alipewa mablanketi mawili, na lile zito akaifunikia bunduki, ili isipate kutu. Yeye akajifunika jepesi na kitenge cha mkewe. Kikohozi kikashuka kifuani. Alitetemeka mchana wa jua, na alipokohoa bunduki ilirukaruka mapajani, mdomo wake ukielekea leo kwa kuku, kesho kwa Hadidja. Hapo Mama Kabedi akaona hakuna njia nyingine isipokuwa ile aliyoikimbia miaka yote. Alitoa kigoda, akakaa mbele ya mumewe.

"Baba Exaucée, sikiliza vizuri. Ile sharti njo yangu. Hakuna mababu. Niliitunga miye, na kinywa yangu hii, wakati ulikuwa Kongolo."

Kayembe alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilimuudhi kuliko angempiga.

"Weye?"

"Miye."

"Muluba wa Mbuji-Mayi, mama wa parokia, njo utatunga sharti ya watu wa Maniema?" Alikohoa, akapumua, akampapasa goti. "Ninajua unataka niingie. Lakini usiibe kazi ya mababu ya watu, mama. Ni zambi."

Alijaribu kumweleza kichwa cha samaki, na Bulaimu, na behewa. Kayembe aliitikia kila neno kwa kichwa kama unavyomuitikia mgonjwa, ingawa mgonjwa alikuwa yeye, kisha macho yakamfumba na homa ikamlaza kitini, kinywa wazi. Mama Kabedi alibaki amekaa. Alikuwa amesema ukweli mara moja katika miaka zaidi ya ishirini, na ukweli haukuweza hata kumhamisha mzee mmoja kutoka kwenye kiti.

Basi ukweli ukae. Alisimama.

Alitanua kitenge, akaizungushia bunduki, akainyanyua kutoka mapajani mwa mumewe ameitenga mbali na kifua, kama unavyombeba mtoto wa jirani aliyejisaidia. Alisali Salamu Maria. Kisha, kwa kuwa hakuwa na hakika kama Bikira anazijua bunduki, akamwita pia Bibiche. Akavuka mlango nayo. Akapita nayo mbele ya kinu, ambacho kilikuwa na sombe mbichi mpaka nusu, na kwa vile moyo ulikuwa umekwisha kuchachamaa, akaona kupita tu haitoshi. Akaichomeka humo, mdomo chini, mpaka ndani ya majani.

Haikulia. Mama Kabedi akagundua kwamba alikuwa ameziba masikio.

Kayembe alizinduka akipapasa mapaja matupu. "Bunduki iko wapi?"

"Iko mu kinu."

Ukelele alioupiga uliwaleta watu kutoka kona zote. Hadidja, aliyefika wa kwanza, alichungulia jikoni akatoka ameshika mdomo. "Imekufa," aliutangazia umma. "Imekufa kabisa. Iko na majani mpaka ndani."

Na bunduki iliyokufa haina kazi uani. Saa hiyo hiyo Kayembe alifunga vifungo vya shati, akatwaa maiti yake, akashika njia ya kambi kwenda kujishtaki, na kwa kuwa homa ilimpeleka kando kila alipokusudia kwenda mbele, Mama Kabedi alimshika mkono. Walipita mjini hivyo, mzee analia, mkewe amemshika, bunduki inadondosha sombe.

Kambini wazalendo walikisikia kisa wakarudi nyuma wote, na mmoja akaificha ya kwake mgongoni isije ikaambukizwa. Wakamwita kamanda. Akatoka mtu mnene, mvi kidevuni, viatu vya plastiki, na shingoni chupa ndogo ya maji. Alimwangalia Kayembe, akaiangalia bunduki, halafu akamwona mwanamke aliyesimama nyuma, na mikono yake yote miwili ikashuka.

"Mama Kabedi wa gare," alisema Bulaimu.

"Shikamoo imekufa siku hizi?" aliuliza Mama Kabedi, kwa kuwa woga wake ukizidi hugeuka ukali.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenenepa. Bwana yangu huyu njo Kayembe. Bunduki yake imekufa, nimeiua miye, na asipigwe mutu."

Bulaimu aliipokea bunduki kwa ncha za vidole, akachungulia ndani ya mdomo wake. Watu wake walimngoja, na Mama Kabedi alimngoja kuliko wote, kwa kuwa mtu huyu mmoja, akilitikisa jambo hili kidogo tu, akiusafisha ule mdomo kwa tambara na kijiti, angeona ni bunduki nzima yenye uchafu wa jikoni, na Kayembe angekabidhiwa tena jioni ile ile.

"Imekufa," alisema Bulaimu kwa sauti ya wote. "Haipewi muntu mwingine. Iwekwe mu depo. Na muzee huyu hakuna ingine ya kumupa. Vijana wenyewe wanangoja na fimbo. Arudi kwake anywe dawa ya homa."

Aliwasindikiza mpaka njiani. Kayembe alipotangulia kidogo, akipepesuka, Bulaimu alimsogelea Mama Kabedi na kuinamisha kichwa, na ghafla alikuwa kijana yule yule mwenye mguu mmoja ndani na mmoja nje.

"Mama, neno moja. Vijana wananiuliza, na miye sijue nijibu nini." Aliangalia juu, akashusha sauti. "Drone ikipita juu ya kinu?"

Mama Kabedi naye aliangalia juu. Kulikuwa na mawingu tu. Alitafuta jibu mahali pale alipokuwa akiyapata zamani, hakulipata, na moyo ukamwuma.

"Hiyo," alisema, "wacha nifikiri."

Nyumbani Kayembe alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe kama mgeni. Alijipapasa mabega, akajipapasa mapaja, hakuona kitu. Akainama, akaingia, akapita mbele ya kinu, akakaa mezani. Mama Kabedi alimpakulia kwa upawa wa Bibiche, wali na sombe, ile ile ya kinuni, maana chakula hakitupwi kwa sababu ya bunduki. Aliiosha tu mara nyingi kuliko kawaida. Kayembe alikula kama mtu aliyetoka Kongolo leo.

Sahani ilipofika nusu, aliweka kijiko.

"Mama Exaucée. Kweli uliitunga weye?"

"Kweli."

"Siku walimuua Bibiche?"

"Kesho yake."

Kayembe aliugeukia mlango. Nje mvua ilikuwa inaanza tena, na kiti chake kilikuwa uani, kitupu, kinalowa. Alikitazama mpaka sombe ikapoa. Kisha akakichukua tena kijiko.

"Basi," alisema, "usimuambie muntu."